Nafasi ya Kilakala ni Stahili ya Nani?

Shule za serikali za vipaji maalumu ni sekondari chache za bweni zinazopokea wahitimu wa darasa la saba waliofaulu kuliko wenzao nchini. Kwa Tanzania Bara hutajwa saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana kwa wasichana. Mkoa wa Morogoro una mbili. Mzumbe iko wilaya ya Mvomero; Kilakala iko mjini Morogoro penyewe, chini ya milima ya Uluguru, jirani na Bigwa. Bigwa ndiko inakoanzia barabara ya kwenda Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha. Binti anayeshuka na mama yake kutoka Kinole, wakileta ndizi na mdalasini sokoni, hupita karibu kabisa na shule ambayo ni rahisi zaidi kuingiwa na binti wa daktari wa Dar es Salaam. Akili haiwatenganishi. Swali ni kama hali hiyo ni dhuluma au ni bahati mbaya tu, na kama ni dhuluma, nani anadaiwa nini.

Uteuzi katika shule hizi haukuanza na mtihani. Tabora Wavulana ilifunguliwa na Waingereza miaka ya 1920 ili kuwafundisha watoto wa machifu, yaani kigezo kilikuwa nasaba. Julius Nyerere, aliyeingia hapo mwaka 1937, alikuwa na sifa zote mbili: alifaulu, na alikuwa mwana wa chifu wa Wazanaki. Kilakala nayo ilianza miaka ya 1950 kama Marian College, shule ya masista wa Maryknoll. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za mashirika, lengo mojawapo likiwa kuwafungulia milango watoto wa Kiislamu, ambao walikuwa wachache mno katika sekondari za misheni. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari zikagawiwa kwa mikoa, kwa sababu bila mgawo Kilimanjaro na Kagera, zilizowahi shule za misheni, zingechukua sehemu kubwa kupita kiasi. Mgawo huo ulisaidia, lakini ulitazama ramani bila kumtazama mtoto. Nafasi iliyotengewa wilaya ya nyuma iliweza kuchukuliwa na mtoto wa ofisa aliyehamishiwa huko, naye mtoto wa mkulima akabaki alipokuwa.

Hoja inayosikika zaidi leo huichukulia nafasi hii kuwa tuzo. Mtihani ni mmoja, siku ni zilezile, jina la mtahiniwa halijulikani kwa msahihishaji. Aliyepata zaidi apewe. Hoja hii isidharauliwe. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limefunga mlango ambao usaili na barua za utambulisho zingeuacha wazi, na yeyote anayekumbuka nguvu ya kimemo cha mkubwa hataubeza mtihani wa taifa. Mtoto wa kabwela akifaulu, hakuna wa kumwambia kwamba amebebwa.

Udhaifu wa hoja hiyo umo katika kile ambacho alama inakipima. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliandika juu ya dhambi ya kupendelea watu katika ugawaji. Mfano wake ni wa kielimu hasa: anayempa mtu kazi ya ualimu kwa kuwa ana elimu ya kutosha ametazama sababu stahiki, anayempa kwa kuwa ni fulani bin fulani amependelea. Waraka wa Yakobo unawakemea vivyo hivyo wanaompa kiti kizuri aliyevaa pete ya dhahabu na kumwacha maskini asimame. Kwa kipimo hicho, alama ingekuwa sababu stahiki tupu kama ingebeba juhudi na akili peke yake. Inabeba na mengine: tuisheni ya jioni, vitabu, mwalimu wa hisabati aliyepo darasani mwaka mzima, shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza inayolipiwa ada. Mtoto wa mlimani anayetembea kwenda shule yenye walimu pungufu, kisha akapata alama chache chini ya yule wa mjini, huenda ameonyesha kipaji kikubwa zaidi. Anayezisoma alama hizo mbili kana kwamba zimetoka mahali pamoja ameitazama ile pete ya dhahabu, hata kama hakukusudia.

Hoja ya pili huichukulia nafasi kuwa dhamana, na hapa ndipo mafundisho ya dini na siasa ya Ujamaa vinakaribiana kuliko inavyodhaniwa. Nyerere alieleza mwaka 1964 kwamba wanaosomeshwa na nchi maskini wanafanana na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada; asiporudi, amekisaliti kijiji. Katika fikra hiyo hakuna anayestahili chakula kwa ubora wake. Anapewa kwa sababu ya safari.

Kurani ina wazo linalofanana. Aya ya 122 ya sura ya At-Tawba inasema kwamba waumini wasitoke wote kwa pamoja, bali kutoka kila kundi watoke baadhi wajifunze dini, kisha wawaonye watu wao. Wafasiri wametofautiana kuhusu nani anatoka na nani anabaki, na aya yenyewe inazungumzia elimu ya dini. Hata hivyo mambo mawili ndani yake yanalihusu suala hili moja kwa moja: wanaojifunza wanatakiwa watoke katika kila kundi, na elimu yao ina mahali pa kurudi. Wanazuoni huiita elimu ya aina hii faradhi ya kutosheleza: wachache wakiitekeleza, jamii nzima imevuliwa jukumu. Ikiwa makundi fulani hayatoi mtu kamwe, ni vigumu kusema kwamba yamewakilishwa.

Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, huwatatiza watetezi wa maskini, kwa kuwa mwenye talanta moja ananyang'anywa na ya kwake inapewa mwenye kumi. Lakini mtumishi yule hakuadhibiwa kwa uchache wa alichopewa, bali kwa kukifukia. Mtoto wa Kinole hakufukia talanta yake. Amekosa pa kuifanyia biashara. Na mali katika mfano huo ni ya bwana tangu mwanzo hadi mwisho. Waluguru, ambao ardhi yao hufuata ukoo wa mama, hawahitaji kufundishwa jambo hilo: anayelima shamba la ukoo hulitumia akijua kuwa si lake peke yake.

Nafasi ikiwa dhamana, njia ya kuigawa hubadilika. Jimbo la Texas nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 1997 iliyowapa nafasi katika vyuo vikuu vya umma wahitimu waliokuwa katika asilimia 10 ya juu ya kila sekondari, bila kujali sekondari hiyo ni tajiri au maskini. Mjini Birmingham, Uingereza, shule teule za King Edward VI hutenga nafasi kwa watoto wa familia za kipato cha chini na kuwapokea kwa alama pungufu kidogo. Njia ya Texas ingefaa zaidi Uluguru. Kumlinganisha mtoto na waliokaa naye dawati moja hakuhitaji kuchunguza mfuko wa mzazi, jambo ambalo kwa wakulima wasio na hati za mapato ni mwanya wa udanganyifu.

Pingamizi zito linatoka kwa mtoto anayeachwa. Binti wa mjini aliyepata alama zaidi hakuchagua wazazi wake, na juhudi yake ilikuwa ya kweli. Anayeamini kuwa nafasi ni tuzo ataona ameibiwa. Anayeamini kuwa ni dhamana atajibu kwamba haikuwa yake bado, ila atapaswa kusema hivyo kabla ya mtihani. Kubadili vigezo baada ya matokeo ni dhuluma kwa nadharia yoyote.

Pingamizi jingine, kwamba mtoto wa namna hii atashindwa masomo, linagusa lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na miezi ya mwanzo ya kidato cha kwanza humwelemea hata mwenye kipaji kikubwa. Hiyo ni sababu ya kuweka masomo ya kumwandaa, wala si ya kumfungia mlango. Gharama ni jambo jingine. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini fomu ya kujiunga bado hudai godoro, mashuka, ndoo, sare na nauli. Anayempa maskini nafasi bila kumpa godoro amempa nusu.

Linabaki suala la wengi wasiochaguliwa na yeyote. Sekondari za kata, zilizoenea kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ndizo zinazowapokea. Bigwa yenyewe ina chuo cha maendeleo ya wananchi, kimojawapo cha vile vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, ambako vijana na watu wazima hujifunza ufundi na stadi za maisha bila kushindanishwa kwa mtihani wa aina hiyo. Hoja ya dhamana inawahusu hawa zaidi ya wote, maana ndio wanaotarajiwa kunufaika na aliyetumwa. Kama wahitimu wa shule teule hawarudi kuwa walimu wa fizikia Matombo au madaktari wa zahanati za milimani, basi kuzijaza shule hizo watoto wa maskini kutabadilisha majina ya wanaoondoka tu, na fedha ya ziada inayotumika humo ingekuwa na haki zaidi kutumika katika sekondari ya kata.