Kibla Kisicho Kaskazini

Katika kamusi za zamani za Kiswahili neno kibla hupewa maana mbili zinazokaa nyumba moja bila ugomvi: upande wa Makka, na kaskazini. Sababu yake iko katika ramani. Mombasa, Unguja na Makka zinakaribia kuwa juu ya mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo anayesali Mji Mkongwe huelekea kaskazini kwa tofauti isiyozidi nyuzi mbili. Ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, uko kaskazini. Wa misikiti ya kale ya Kilwa na Gedi vilevile. Kwa karne nyingi Mswahili hakuwa na haja ya kutenganisha upande wa ibada na upande wa dunia. Aliweza kusema kwamba shamba la fulani liko upande wa kibla, asiwe anazungumzia dini hata kidogo.

Mtu aliyelelewa hivyo anapohamia Sydney, mwili wake hukosea kabla ya akili. Tuseme anafanya kazi katika jengo refu la King Street, katikati ya jiji, na wakati wa mapumziko ya mchana anatandika mswala katika chumba cha kuwekea vitu. Makka iko umbali wa zaidi ya kilomita 13,000, na kibla ni nyuzi 277 hivi: magharibi, kwa kuinamia kaskazini kidogo. George Street na Pitt Street, zinazokwenda takriban kaskazini na kusini, zinampita ubavuni. Uso wake unatazama Darling Harbour. Jua la adhuhuri, ambalo kule kwao huwa kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine, hapa halitoki kaskazini mwaka mzima, nalo linamkalia bega la kulia. Saa nazo zimempotea. Kwao magharibi huingia saa kumi na mbili na dakika zake, leo kama jana. Sydney, mwezi wa Juni, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Januari huzama baada ya saa mbili usiku. Magharibi ya saa mbili usiku ni maneno ambayo masikio ya Kiswahili hayajayazoea.

Vitabu vingi vya kuutambulisha Uislamu huanza na hesabu: nguzo tano za dini, yaani shahada, sala, zaka, saumu na hija, kisha nguzo sita za imani. Hesabu hiyo ni sahihi, na mwanafunzi hufaulu mtihani kwayo. Lakini mfanyakazi mwenziwe atakayefungua mlango wa chumba kile na kumkuta kasimama haulizi kuhusu hesabu. Anauliza swali ambalo hata mtoto wa madrasa huliuliza: ikiwa Mungu yuko kila upande, kwa nini uelekee upande mmoja?

Swali hilo lina heshima yake, kwa sababu Qurani yenyewe imeligusa kutoka pande mbili. Waislamu wa kwanza huko Madina walisali wakielekea Baitul Muqaddas kwa miezi kumi na sita au kumi na saba, ndipo ikaja amri, katika aya ya 144 ya sura ya Al-Baqara, ya kugeukia Msikiti Mtukufu wa Makka popote walipo. Haijafika mbali sura hiyohiyo, katika aya ya 177, inaelezwa kwamba wema hauko katika kuzielekeza nyuso mashariki wala magharibi. Mwema ni mwenye kumwamini Mungu, Siku ya Mwisho, malaika, Kitabu na manabii, kisha akatoa mali anayoipenda kwa jamaa, mayatima, maskini, msafiri na mwombaji, akasimamisha sala, akatoa zaka, akatimiza ahadi na kusubiri katika dhiki. Msomaji mwenye tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka 1969, atazikuta aya hizo mbili zikitenganishwa na kurasa chache tu. Anayetaka utangulizi mfupi wa imani na matendo ya Kiislamu hatapata ulio bora kuliko aya hiyo ya 177, nao umeanza kwa kumtahadharisha mtu na upande ambao muda mfupi kabla ameamrishwa auelekee.

Wapo wanaosuluhisha mvutano huu kwa haraka: upande ni ganda, moyo ndio kiini, basi mtu asisumbuke. Jibu hilo linapendwa sana ughaibuni, hasa na waliochoka kutafuta chumba cha kusalia. Lina upungufu mmoja. Mapenzi ya mtoto kwa mama yake hayamo katika shikamoo. Lakini mtoto akiacha kuamkia kwa hoja kwamba mapenzi yamo moyoni, mama atajua kuna jambo limebadilika, wala hatakuwa amekosea. Al-Ghazali, alipoandika juu ya siri za sala katika Ihya, aliuchukulia mgeuko wa uso kuwa mafunzo ya mgeuko wa moyo: uso huziacha pande zote kwa ajili ya upande mmoja ili moyo nao ujifunze kuyaacha mengine. Mwili ndio unaotangulia, na moyo, kama una bahati, hufuata.

Wapo pia wanaoshika upande mpaka wakausahau mwelekeo. Hapa wanafikihi wamekuwa na busara kuliko wanavyosifiwa. Kwa Mahanafi, aliye mbali na Makka anatosheka na jiha, upande kwa jumla. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi, ambao ndio madhehebu ya pwani ya Afrika Mashariki, inamtaka aikusudie Al-Kaaba yenyewe kwa kadiri ya dhana yake. Aliyejitahidi kisha akakosea, Mahanafi hawamwambii arudie. Mashafi humwambia arudie ikiwa kosa limethibitika kwa yakini. Si mzozo wa wapenda kuzozana. Wanabishana juu ya jambo zito: je, ukweli wa nia unamtosha mtu, au ukweli wa mambo yalivyo nao una haki yake?

Pwani ina ushahidi wa kale kuhusu hilo. Huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walichimba msikiti juu ya msikiti. Ule wa mwanzo, wa miti, wa karne ya 8, haukuelekea sawasawa. Iliyojengwa baadaye juu yake ilirekebishwa. Watu wa kwanza kusali pwani hii, ambao tunawajua kwa vishimo vya nguzo tu, walisali wakiwa wamekosea. Madhehebu ya Shafi hayakuwa yameundwa bado, na hapakuwa na wa kuwaambia warudie. Ni vigumu kuamini kwamba sala zao zilipotea. Lakini ni vigumu vilevile kuwapuuza watoto wao waliobomoa na kujenga upya. Waliorekebisha ukuta hawakuwadharau wazee wao. Waliendeleza jitihada ileile.

Leo simu ya mkononi huifanya kazi hiyo kwa sekunde. Al-Biruni alikamilisha mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima mahali miji ilipo, na mojawapo ya haja zake ilikuwa kukijua kibla cha Ghazna. Simu inajua kwamba dunia ni mviringo. Anayepiga mstari juu ya ramani ya ukutani kutoka Sydney atakosea kwa nyuzi 20 hivi. Inajua pia kwamba mshale wa dira hapa huvutwa mashariki ya kaskazini halisi kwa nyuzi 12 au 13. Isichokijua vizuri ni chuma cha jengo lenyewe, ambacho humyumbisha mshale mpaka mtu atoke barazani. Wanaolalamika kwamba simu imeua jitihada wanasahau kwamba wengi wa pwani hawakuwahi kujitahidi. Walifuata mihrabu waliyoikuta. Kilichopotea ni kidogo zaidi, na pengine ni kikubwa zaidi. Zamani mgeni akiingia nyumba ya watu wakati wa sala alilazimika kuuliza, "Kibla kiko wapi?", na swali hilo lilimtambulisha, likamleta mwenyeji na maji ya udhu na mkeka.

Siku ya Ijumaa, msikitini Commonwealth Street, Surry Hills, hatua chache kutoka katikati ya jiji, safu hupangwa na watu ambao miili yao imefunzwa pande tofauti. Mturuki na Mlebanoni walikuwa wakielekea kusini, Mswahili kaskazini, Mpakistani magharibi. Mwindonesia peke yake ndiye asiyesumbuka sana, maana kwao nako kibla ni upande wa magharibi, na hata yeye amehama kwa nyuzi kadhaa. Wote wamelazimika kujifunza upya jambo walilodhani wanalijua utotoni. Nje, msafiri na mwombaji wa aya ya 177 hawahitaji dira ili waonekane. Wameketi kwenye ngazi za kituo cha Town Hall, na wanaotoka kusali huwapita kama wanavyowapita wengine.

Liko jambo ambalo wazee wa ughaibuni hulizungumza kwa sauti ya chini. Kaburi la Unguja huchimbwa kutoka mashariki kwenda magharibi, maiti akalazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Katika sehemu ya Waislamu ya makaburi ya Rookwood, magharibi ya jiji, mtu huyohuyo atalazwa kichwa kaskazini, uso magharibi. Baadhi yao husema wangependa kurudishwa nyumbani, na wakiulizwa sababu hutaja gharama, watoto na jamaa. Wachache hutaja upande. Mtoto aliyezaliwa hapa huwajibu kwamba kibla ni kilekile, na huwa amesema kweli; mzee hunyamaza, akaichukua simu, akaitazama.