"Aongeze Bidii"

Kila mwisho wa muhula maneno hayo huandikwa kwenye ripoti za watoto wetu, na yakifika nyumbani huongezewa ukali: mvivu, mzito, kichwa kigumu. Natamani kabla ya mwalimu kuyaandika, na kabla ya mzazi kushika fimbo, mtu angeuliza habari za tumbo la mtoto huyo. Anakula nini? Anapata choo vizuri? Mara ya mwisho alimeza lini dawa ya minyoo?

Jirani yangu mmoja hapa Tanga alikuwa na binti wa darasa la tatu aliyesinzia darasani karibu kila siku. Nyumbani akitumwa dukani huchukua muda mrefu, njiani hukaa chini kupumzika. Alikwishachapwa sana kwa hilo. Bibi yake mzaa baba alipokuja kutoka Pangani, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba mtoto anamega udongo wa ukuta wa jikoni na kuutafuna. Akamwita, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe. Akageuza viganja, navyo vimepauka. "Mwanangu," akamwambia mama mtu, "huyu hana uvivu, huyu hana damu." Kesho yake wakaenda zahanati, wakapima choo na damu. Ilikuwa safura. Alipewa dawa ya minyoo ya kutafuna na vidonge vya kuongeza damu, na baada ya wiki kadhaa mama yake akaanza kulalamika kwamba mtoto hatulii ndani, muda wote yuko nje anaruka kamba.

Minyoo ya safura huanzia kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, kisha humezwa na kushuka hadi utumbo mdogo. Huko minyoo hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mmoja hunyonya kidogo sana, lakini wakiwa wengi na wakikaa muda mrefu, mwili huishiwa madini ya chuma. Damu isiyo na chuma haiwezi kubeba oksijeni ya kutosha, nao ubongo wa mtu mzima, wenye uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, hutumia takribani asilimia 20 ya oksijeni yote. Mtoto mwenye damu ya namna hii hukaa akiutazama ubao na somo lisimwingie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.5 wana minyoo inayoambukizwa kupitia udongo. Fikirieni ni wangapi kati yao wanaitwa wazembe.

Wamarekani nao walipitia hukumu hii. Mwanzoni mwa karne iliyopita, watu maskini wa majimbo ya kusini walisemwa nchi nzima kuwa ni wavivu wa kuzaliwa. Charles Stiles, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alisisitiza kuwa wengi wao wana safura. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 za kupambana nayo, na watoto walipopimwa, takribani asilimia 40 walikutwa nayo. Walipewa vidonge vya thaimoli na chumvi ya kuharisha. Miaka mingi baadaye, mchumi Hoyt Bleakley aliporudia takwimu za wakati ule, aliona kuwa sehemu zilizokuwa zimeathirika zaidi ndizo ambazo mahudhurio ya shule na kujua kusoma viliongezeka zaidi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, kuanzia mwaka 1998, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia ugawaji wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya. Utoro ulipungua kwa takribani robo. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikuonekana kupanda. Naliheshimu sana jibu hilo, kwa sababu linatuzuia kudanganyana. Kidonge humrudisha mtoto darasani. Mwalimu, kitabu na uji wa saa nne vinabaki kuwa deni letu. Choo vilevile: mtoto aliyemeza dawa leo akirudi kukanyaga uchafu uleule nyuma ya shule, baada ya miezi michache minyoo itakuwa imerudi.

Na hukumu hii haiishii kwa watoto. Kadiri mtu anavyozeeka, tumbo lake linaweza kushindwa kufyonza vitamini B12 iliyomo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo zikitumiwa kwa miaka huchangia, na hata metformin ya kisukari. Mzee huanza kusahau, hukasirika ovyo, miguu inakufa ganzi, anachanganya majina ya wajukuu. Nyumbani husemwa ni uzee tu, au karogwa. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha upungufu huo, na ukigunduliwa mapema, sindano za vitamini hiyo huweza kumrudishia kumbukumbu zake. Ukichelewa, neva zilizoharibika huenda zisipone zote. Familia inayoanzia kwa mpiga ramli inatumia miezi ambayo mzee huyo hana.