Kazi Zisizo na Shahidi

Wengi wenu mlitumiwa jumbe za simu kuhusu nyotamkia iitwayo 3I/ATLAS. Ujumbe mmoja ulidai ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Mwingine ulisema ile nyota ya Mamajusi imerudi, na mwingine ukataja hadi tarehe ya mwisho wa dunia. Baadhi yenu mliniuliza kwa hofu ya kweli, na sikutaka kuwajibu kwa neno moja, maana jambo lenyewe ni zuri mno kuliko uvumi uliolifunika.

Tarehe 1 Julai 2025, darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Río Hurtado, nchini Chile, iliona nukta hafifu ikisogea mbele ya nyota. Kazi ya darubini hiyo ni kutulinda: kila usiku hukagua anga isije ikawa kuna mwamba unaoelekea kuigonga Dunia. Wataalamu walipoipigia hesabu njia ya nukta ile, wakakuta haimo katika familia ya Jua letu. Ilikuwa inakuja kwa mwendo wa kilomita zipatazo 58 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Dar es Salaam hadi Morogoro ni sekunde tatu na ushee. Kitu kinachokuja kwa kasi hiyo Jua haliwezi kukishika. Huipinda njia yake kidogo, kikaenda zake na kisirudi tena. Hiki kilizaliwa katika familia ya nyota nyingine, kikatupwa nje, kikawa kinasafiri gizani tangu hapo.

Ni kitu cha tatu cha namna hiyo kujulikana. Cha kwanza, 'Oumuamua, kiligunduliwa tarehe 19 Oktoba 2017 na Robert Weryk kwa darubini ya Pan-STARRS iliyo juu ya mlima Haleakalā, Hawaii. Wakati huo kilikuwa kimekwisha kulipita Jua tangu 9 Septemba, na mapema Januari 2018 darubini ya Hubble ikakiona kwa mara ya mwisho. Cha pili kilionwa tarehe 30 Agosti 2019 na Gennadiy Borisov, mtu anayetazama nyota kwa mapenzi yake, kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake huko Crimea. Hicho kilikuwa na mkia kama nyotamkia tulizozizoea, ila gesi yake ilikuwa na kabonimonoksaidi nyingi kuliko kawaida, dalili kwamba kilifanyika mahali penye baridi kali sana.

Sasa rudini kwenye hii ya tatu. Wapo wataalamu wanaokadiria kwamba huenda ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 7. Jua letu lina miaka bilioni 4.6. Kama makadirio hayo ni sawa, barafu yake iliganda wakati hapakuwa na Jua, wala Dunia, wala bahari, wala jicho la kiumbe yeyote wa huku. Ikasafiri miaka yote hiyo bila mtu kujua kuwa ipo. Nimekaa na wazo hili kwa majuma kadhaa na bado halijaniachia.

Limenipeleka kwa Ayubu. Mtu yule amepoteza watoto, mali na afya, amekaa majivuni akidai maelezo. Mungu anapomjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hasemi lolote kuhusu vidonda vyake. Anamuuliza kuhusu Kilimia na Orioni. Anamuuliza kuhusu mbuzi wa milimani na saa yao ya kuzaa. Anamuuliza kuhusu mvua inyeshayo nyikani, kwenye nchi isiyo na mtu. Mkulima yeyote angesema maji hayo yamepotea bure. Nani atayachota? Shamba la nani litaota? Na Mungu anaitaja mvua hiyo kwa fahari, kama kazi anayoipenda.

Uvumi wote mlioupokea, wa chombo, wa Mamajusi na wa mwisho wa dunia, una mzizi mmoja: tunashindwa kuamini kwamba Mungu anaweza kutenda jambo lisilokuwa ujumbe kwetu. Tarehe 19 Desemba 2025, katikati ya Majilio, nyotamkia ile ilifika karibu zaidi na Dunia. Hata hapo ilikuwa umbali wa kilomita zipatazo milioni 270, karibu mara mbili ya umbali wetu na Jua. Ikapita. Haikutuletea salamu, wala haikutuletea hukumu. Anayewapangia tarehe za mwisho mwacheni, kwa kuwa Bwana mwenyewe alisema siku ile haijulikani.

Mtu ataniuliza: basi sisi tu nani, ikiwa mambo makubwa hivyo hayatuhusu? Swali hilo ni la zamani, lipo katika Zaburi ya nane. Mimi linanifariji, na nitasema kwa nini. Kama Mungu ameitunza barafu ile katika giza la miaka bilioni kadhaa bila shahidi, basi giza la mtu asiye na shahidi halimshindi. Namfikiria mama anayemgeuza mgonjwa wake kitandani saa nane za usiku, naye hashukuriwi. Nawafikiria wale kati yenu ambao mimba ilitoka na hamkumwambia mtu, hata mchungaji wenu. Nanyi mpo mahali ambapo Yeye anafanya kazi.

Niongeze neno kwa wazazi. Binti katika kwaya yetu akisema anataka kusomea fizikia na nyota, asiambiwe kwamba anaiacha imani. Huko Chile darubini mpya ya Vera C. Rubin imeanza kazi, na inatarajiwa kuwaona wageni wengi zaidi wa namna hii. Ningefurahi mmoja wa kuwatambua akitoka katika nyumba zetu.

Jumatano jioni hakutakuwa na mahubiri. Tutasoma Ayubu sura ya 38 na 39 kwa sauti, kisha watoto watauliza kwanza. Mje na zile jumbe za simu zilizowatisha. Tutazisoma moja moja na kuzijibu.