KAZI YA MBAO NA UKWELI WA MOYO



Leo tunataka kujiuliza pamoja swali moja. Fundi akificha ubaya ndani ya kazi yake, mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona, na mnunuzi akarudi nyumbani na furaha, je, amemkosea? Wengine wanajibu: hakuna aliyelia, basi hakuna aliyekosewa.

Swali hili linatugusa sisi wa Bel-Air. Kila mwaka wa masomo unapokaribia, wazazi wanahangaika. Mtoto mwenye akili wanamtafutia masomo ya kumpeleka katika biro. Yule aliyeshindwa ndiye wanamwambia: "Wewe nenda ukajifunze mbao." Kama vile useremala ni azabu!

Tukumbuke historia yetu. Muji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba. Wamisionari Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka 1911, na mafundisho ya kazi za mikono yakaanza mapema. Lakini ndoto ya familia nyingi ilikuwa kompani: kwanza Union Minière, kisha, tangu 1967, ile iliyokuja kuitwa Gécamines. Kompani ilitoa nyumba, unga, dawa na shule, mpaka watu wakaiita baba yao. Miaka ya 1990 mambo yakaharibika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakatoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Baba alikuwa amechoka. Aliyekuwa na ufundi mkononi alibaki na kitu ambacho hakuna kompani inaweza kumnyanganya.

Lakini mkate si sababu moja tu. Katika darasa la mbao, kijana anajifunza kwanza kupima kabla ya kukata. Ubao ukikatwa mfupi hauongezeki, hata ukiuombea musamaha. Katika mtihani wa kuandika anaweza kuiba jibu la jirani. Mlango usiofunga hauna jirani wa kuusaidia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mbao mbichi ina maji ndani. Ikikauka inapunguka, zaidi sana kwa upana wake, kidogo sana kwa urefu. Fundi anayejua kazi anaacha mbao ikauke kwanza, ndipo anachonga ulimi na tundu, viingiane sawasawa. Fundi mwenye haraka anachukua mbao mbichi katika mvua ya mwezi wa kwanza, anapiga misumari, anajaza nafasi kwa gundi na unga wa mbao, anapaka verni. Kitanda kinangaa. Unakuja mwezi wa saba, upepo mkavu unapita, na kitanda kinaanza kulia usiku. Basi hapa aliyekosewa anajulikana.

Lakini tuchukue sanduku la maiti. Likishashuka katika kaburi, hakuna atakayelifungua aone kama ubao wa chini ulikuwa muzima au umeoza. Hakuna atakayelia juu ya kiungo chake. Kama kosa linakuwa kosa siku ya kuonekana tu, basi fundi huyu hana kosa hata kidogo. Nani kati yetu, aliyepata kuzika mzazi wake, anaweza kukubali hivyo? Hakuna. Basi kosa halikuanza siku ya kulia. Lilianza siku fundi alipopokea franka za kitu kizuri na kutoa kibaya.

Fundi mmoja atasema: "Mteja ananilipa kidogo, nami ninafanya kidogo." Neno hilo lina haki yake. Mnunuzi anayetaka kitanda cha mulombwa kwa bei ya kuni naye anamuonea fundi. Lakini kazi ya bei ndogo si dhambi. Mwambie wazi: "Mama, kwa bei hii mbao ni ya namna hii, haitakaa miaka mingi." Akikubali, umemuuzia kwa haki. Ukinyamaza na kupaka verni juu, umemwibia.

Bwana Yesu mwenyewe aliitwa fundi seremala katika Nazareti (Marko 6:3). Hatujaachiwa meza wala mlango wa mikono yake. Lakini nani kati yetu anaweza kufikiri kwamba alificha kiungo kibaya ndani ya mlango wa mjane?

Kwa hiyo, wababa na wamama, musimpeleke mtoto kwenye mbao kama mtu anayetupwa. Mpelekeni kwa heshima, na mumnunulie vyombo vyake kama vile mungemnunulia mwingine vitabu. Nanyi vijana munaojifunza, mufanye upande wa ndani sawa na ule wa nje. Mwalimu ataona upande mmoja. Dhamiri yenu, na Mungu, wanaona yote mawili.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.