Mwana Nyuma ya Baba Yake Mawindoni

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa majabali na wa kila kitembeacho juu yake, aliyewafanya baadhi ya viumbe kuwa riziki ya wengine kwa mpaka aliouweka Mwenyewe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Lubumbashi, kiangazi kimeingia, na kama ilivyo ada ya mji huu tangu ungali ukiitwa Elisabethville, mara baridi ya Juni ikishakaza na nyasi za bara zikishageuka rangi, hapana baraza ya wazee, iwe ya Kenya, iwe ya Katuba au ya Ruashi, isiyopitiwa na mazungumzo ya pori. Wazee waliomaliza ujana wao migodini na kwenye reli huzikumbuka siku za mapumziko, walipopanda nyanda za juu bunduki begani na unga wa bukari mfukoni, na aghalabu katika mazungumzo hayo mzee mmoja humgeukia mwanawe akamwambia: "Mwanangu, kabla miguu yangu haijaniaga, nipeleke tena mlimani." Neno hili nimelisikia kwa wazee wengi, na majibu ya vijana nimeyasikia pia, na majibu hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Mmoja husema, mzee hawezi tena, atatuchelewesha. Mwingine husema, wewe kaa nyumbani, baba, nyama tutakuletea. Wote wawili wamedhani kwamba mzee ameomba nyama.

Katika nchi hii ya Katanga uwindaji ni jambo la nasaba. Waluba husimulia kwamba ufalme wao ulianzia kwa mwindaji, Mbidi Kiluwe, aliyetokea mashariki, na kwamba mwanawe, Kalala Ilunga, mjomba wake Nkongolo alipotaka kumwua, hakukimbilia kwingine ila kwa baba yake. Na Walunda nao humtaja Chibinda Ilunga, mwindaji aliyemwoa Lueji. Masimulizi hayo si dini yetu, wala sikuyataja ili tuyafanye hoja. Nimeyataja ili kijana aliyezaliwa kwenye taa za umeme afahamu kwamba mzee wake akitaja mawindo anaitaja heshima yake. Wala dini yetu haikuidharau kazi hiyo. Sayyidna Hamza, ammi yake Mtume, alikuwa akitoka mawindoni, upinde wake ungali mkononi, siku aliyoambiwa kwamba Abu Jahl amemtukana mwana wa nduguye, akaenda moja kwa moja akampiga kwa upinde ule ule, na huo ukawa mlango wa kusilimu kwake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kupiga mishale, aliwahimiza waendelee, akawakumbusha kwamba baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale.

Hukumu za mawindo zimo katika Suratul Maida, na ufafanuzi wake mwingi tumeupata kwa swahaba Adiy bin Hatim, mwana wa yule Hatim wa kabila la Tai ambaye ukarimu wake ulikuwa mithali kwa Waarabu wote. Adiy alikuwa mwindaji, akauliza maswali ya mtu aijuaye kazi yake, naye akajibiwa kwamba jina la Mwenyezi Mungu litajwe wakati wa kuachia mbwa au mshale, kwamba kilichouawa kwa ncha kiliwe na kilichouawa kwa ubavu wa silaha kisiliwe, na kwamba mnyama akianguka majini akafa humo aachwe, kwa kuwa haijulikani kama ameuawa na mshale au na maji. Bunduki zilipozuka wanazuoni walikhitalifiana: wako waliokataa kwa kuwa risasi huua kwa kishindo, na wako, kama Imamu Shawkani wa Yemen, walioihalalisha kwa kuwa hutoboa na kupenya. Sitarefusha hapa, maana mwenye shaka na amwendee mwalimu wake wa fikihi; lakini kumbukeni pia kwamba kuua kwa mchezo, pasipo haja ya kula, ni jambo lililokemewa hata kwa ndege mdogo.

Liko onyo jingine ambalo wawindaji hulipita mbio. Mtume ametuambia kwamba mwenye kuliandama windo huingiwa na mghafala, na wengi wetu tukilisikia neno hili tunafikiri juu ya Swala peke yake, kwamba mtu atafuata nyayo mpaka Adhuhuri imtoke. Hayo ni kweli. Walakini mtu aliyeghafilika husahau na kilicho nyuma yake; na nyuma yake, katika safari hii tunayoizungumza, yuko mzee aliyeketi juu ya jiwe akitafuta pumzi, anazisikia sauti za wanawe zikififia mbele, na kwa haya ya uzee hathubutu kuita.

Nanyi mwajua jinsi nchi hiyo ilivyo. Mtu akiiacha Lubumbashi iliyo kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, akaelekea kaskazini hata kuvipanda vilima vya Kundelungu, hufika uwandani palipozidi mita 1,600, pale ambapo mto Lofoi hujitupa gengeni kwa maporomoko yazidiyo mita 300, na hapo pumzi ya mtu wa miaka sabini si ile ya mwanawe wa thelathini. Windo linalotajwa kwa shauku kuliko yote na wazee wale ni pofu, mmoja wa walio wakubwa kabisa katika jamii ya paa, ambaye dume lake hufikia kilo 900, na pamoja na uzito huo huruka kichaka kirefu kuliko mtu. Pofu ana siri moja: magoti ya dume hualika kila anapopiga hatua, na mlio ule husafiri mbali katika utulivu wa alfajiri. Kijana, kwa kuwa macho yake ni makali, hutazama. Mzee, ambaye macho yake yameingia ukungu, husimama akasikiliza, akaachia majivu kidogo vidoleni apate kujua upepo watoka wapi, kisha akaonyesha kwa kidevu upande ambao wanawe hawakuona kitu. Ilimu ile haikuandikwa kitabuni. Anayemwacha baba yake nyumbani kwa ajili ya miguu yake mibovu ameyaacha na masikio yake pia.

Sasa nataka tukae kidogo kwa Ibrahim na Ismail, amani iwashukie, kwa kuwa kisa chao, kama kilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, ni kisa cha baba mzee na mwana mwindaji, ingawa hatukizoei kwa jina hilo. Ibrahim alipewa Ismail katika uzee wake, akamwacha bondeni Makka angali mchanga, na aliporudi kumtazama, Ismail akiwa sasa ni mtu mwenye mke, hakumkuta: alikuwa ametoka kuwatafutia riziki. Mke alimlalamikia mgeni asiyemjua juu ya dhiki ya maisha. Ibrahim akaja tena safari nyingine, na mara hiyo tena hakumkuta. Mke wa pili akamkaribisha, na alipoulizwa chakula chao ni nini akasema ni nyama, na kinywaji chao ni maji, akamshukuru Mungu. Fikirini mzee yule aliyetoka baidi ile kuja kumwona mwanawe, akarudi mara mbili pasipo kumwona, wala hakumlaumu kwa kuwa mawindoni. Akamwachia maneno ya nasaha, akaenda zake. Mara ya tatu alimkuta chini ya mti mkubwa karibu na Zamzam, akiitengeneza mishale yake. Ismail alipomwona aliinuka kumwendea, wakafanyiana yale ambayo baba humfanyia mwana na mwana humfanyia baba. Msimulizi hakuongeza neno hapo, na mimi napenda kwamba hakuongeza.

Kisha Ibrahim akasema kwamba Mola wake amemwamuru jambo. Ismail akamwambia alifanye. Ibrahim akamwuliza, je, utanisaidia? Ismail akasema, nitakusaidia. Hakuuliza kwanza ni jambo gani, wala hakusema ngoja nimalize mishale hii. Na tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa katika kuinua nguzo za Al-Kaaba: mwenye nguvu, aliyezoea kukimbia nyuma ya wanyama jangwani, alikuwa mchukuzi wa mawe, na mzee ndiye aliyekuwa mjenzi. Ukuta ulipopanda, Ismail akalileta jiwe la baba yake kusimamia, nalo ndilo Maqamu Ibrahim tuswaliayo nyuma yake hata leo. Angeweza kijana kusema: baba, wewe keti kivulini, nitajenga mimi, maana mikono yako inatetemeka. Na watu wangemsifu kwa huruma yake! Hasha, hakufanya hivyo; nguvu zake alizitia chini ya miguu ya baba yake, na kazi ikabaki kuwa ya baba. Hapa ndipo penye tofauti baina ya kumhurumia mzazi na kumtukuza, na sisi watu wa zama hizi tumekuwa hodari sana wa lile la kwanza.

Kwa hiyo kijana abebe maji, hema na nyama, na bunduki pia mzee akichoka nayo. Lakini njia aiseme mzee, na kituo akichague mzee. Abu Huraira aliwaona watu wawili, akamwuliza mmoja wao huyu ni nani wako, naye akajibu kwamba ni baba yake. Akamwusia asimwite kwa jina lake, asitembee mbele yake, wala asikae kabla yake. Wako watakaouliza: je, katika njia ya mlimani, yenye nyoka na mawe yanayoteleza, nimtangulize baba yangu kwenye hatari? Jawabu langu ni kwamba aliyetangulia ili afyeke miba na kupima kina cha maji hakumtangulia baba yake, bali amekwenda kumtumikia. Hatari ikishapita, na asimame kando ampishe. Hatua yenyewe na iwe ya mzee. Pofu akitoroka kwa sababu hiyo, na atoroke.

Itatokea pia kwamba mzee atakosea. Atasema nyayo hizi ni za leo asubuhi, na kijana aone wazi kwamba ni za juzi. Inasimuliwa juu ya Hasan na Husein, wajukuu wa Mtume, kwamba walipomwona mtu mzima akitia udhu usio sawa hawakumwambia umekosea. Walimwomba awe mwamuzi baina yao, kila mmoja akatia udhu mbele yake, na mzee akajua kosa ni lake. Basi kijana aseme: "Baba, hebu nifundishe, alama hizi ukingo wake umekwisha kumomonyoka, ndiyo kusema nini?" Mzee atainama, atatazama, na atajisahihisha mwenyewe bila ya kuvunjiwa uso wake. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Israa hata ile "uff" ya kuchoka nao. Na mlimani, mbele ya marafiki wenye haraka, "uff" yaweza kutoka kwa jicho tu, au kwa kutazama saa.

Usiku ule wa bara, katika Juni na Julai, una baridi kali inayoingia mifupani. Blanketi zito ni la baba, na ubavu wa karibu na moto ni wake. Mwajua habari ya wale watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, na mmoja wao aliyesimama na bakuli la maziwa mpaka alfajiri kwa kuwa wazazi wake wamelala, ilhali watoto wanalia miguuni pake. Mtu yule alikuwa amechelewa siku hiyo kwa kwenda mbali na mifugo yake, naye alikuwa amechoka kama utakavyochoka wewe.

Limebaki jambo zito. Wazee wengi waliwinda Kundelungu kabla ya mwaka 1970, ilipofanywa kuwa hifadhi ya taifa, kama ilivyofanywa Upemba tangu 1939, na sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 pamoja na ile ya 2014 juu ya kulinda maumbile zimeuweka wazi mpaka: ndani ya hifadhi hakuwindwi, na nje yake ni kwa kibali na kwa majira. Vita na njaa vimewapunguza mno wanyama wa huko, na katika walinzi wao wamo waliouawa kazini. Kutii katika hili ni wajibu, maana ni maslaha ya watu na ya viumbe. Lakini mzee anasema, mimi nilimuua pofu pale pale nikiwa kijana, ni nani wa kunizuia? Kijana hana ruhusa ya kumtii katika kosa, wala hana ruhusa ya kumkaripia. Na amwige Ibrahim alipoongea na baba yake Azar, mwabudu masanamu, ambaye katika Suratu Maryam anamwita mara nne kwa upole, ewe baba yangu, ewe baba yangu. Na alipotishwa kupigwa mawe na kuambiwa aondoke, akajibu kwa salamu, akamwahidi kumwombea maghufira.

Baba yako wewe si Azar. Ni Mwislamu aliyekufundisha Fatiha. Akikasirika, mwache siku mbili tatu ghadhabu itulie, kisha nenda kwenye ofisi ya ICCN, idara isimamiayo hifadhi za taifa, ukaombe ruhusa ya kuingia, umpandishe gari bila bunduki, umfikishe uwandani palipo na maporomoko ya Lofoi, mswali Swala za safari yeye akiwa imamu, hata ikiwa ataswali kwa kukaa. Alfajiri mpeleke asikilize magoti ya pofu, wewe ukiwa nyuma yake; na akitaka kukaa siku moja zaidi, kaeni.