Je, Mwenye Dhambi Ana Haki ya Sitara?

Mwezi wa Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya usiku ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000. Kosa lake halikuwa ulevi wala kelele, bali ilitangaza katika mtandao picha ya mteja wake bila ya kumtaka idhini. Jina la klabu hatulitaji, kwani haja yetu ni mas'ala, si watu.

Habari hii ilipofika katika darasa letu, baadhi ya vijana walicheka. Wakasema: mtu aliyekwenda kwa miguu yake mahali pa ulevi na ngoma, ana siri gani ya kulindwa? Neno hili lina sura ya haki, na kwa hivyo yatupasa kulipima.

Twasema wazi, asije mtu akatufahamu vibaya: ulevi ni haramu, zinaa ni haramu, na kuyaendea mahali yalipo ni kujitia hatarini. Lakini swali letu silo hilo. Swali ni: je, dhambi ya mtu yahalalisha dhambi yetu juu yake?

Imamu Ghazali ametaja katika Ihyaa kuwa Sayyidna Umar alipanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi, akamkemea. Yule mtu akamjibu kuwa yeye ameasi kwa jambo moja, na Umar kwa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na hakubisha hodi wala kutoa salamu, na yote matatu yamekatazwa katika Qur'ani. Umar alikuwa Khalifa, mwenye amri na bakora, lakini alimwacha, akamtaka atubu tu. Basi sisi tusio na amri yoyote, ni nani aliyetupa ruhusa ya kupanda kuta?

Mtu atasema: klabu si nyumba, ni mahali pa wazi. Kweli. Lakini waliomo humwona usiku mmoja, na asubuhi wakasahau. Picha haisahau. Humfikia mamake, na mkwewe, na tajiri wake wa kazi, na mwanawe ambaye bado hajazaliwa. Hiyo ni adhabu isiyo na kadhi, isiyo na shahidi, wala haina siku ya kwisha. Hata aliyetubia ataendelea kuadhibiwa kwa dhambi ambayo huenda Mola wake amekwisha kumsamehe.

Nasi hatujitoi katika lawama. Siku moja, katika darasa hili hili, simu ilipita mkono kwa mkono, ndani yake mna picha ya jirani yetu akicheza usiku. Sote tuliitazama. Sisi tunaosomesha tuliitazama pia, kisha ndipo tukakataza. Jirani yule alikuwa ameanza kuja sala ya alfajiri. Tangu siku ile hatukumwona tena msikitini. Twajiuliza: ni nani aliyemfukuza, ni klabu au ni sisi?

Hatusemi kuwa kila jambo hufichwa. Ajuaye kuwa mtu adhulumiwa, au mtoto ameharibiwa, na apeleke ushahidi wake kwa wenye mamlaka. Kunyamaza hapo ni khiyana. Wala hatuwatetei wanaojipiga picha wenyewe katika maasi wakazitangaza. Mtume (s.a.w.) amewaonya wale ambao Mwenyezi Mungu amewasitiri usiku, nao asubuhi wakaipasua sitara yake kwa mikono yao.

Lakini mwenye kujificha ana haya bado, na haya ni katika imani. Ukimvua haya yake, umembakishia nini cha kumrudisha? Basi ikikufikia picha ya namna hiyo, ifute, usiipeleke kwa mwengine. Kisha mwendee mwenyewe, faraghani, umnasihi kama ambavyo ungependa kunasihiwa wewe.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na wao, duniani na akhera. Amin.