Je, Nyumbani Hununuliwa?

Neno nyumba na neno nyumbani hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini maana zao ziko mbali sana. Nyumba huweza kupimwa kwa futi, ikatajiwa bei, ikalipiwa, na kabla ya jua kutua ikapata mwenyewe mwingine. Nyumbani ni mahali ambapo mtu akikosekana huulizwa. Basi mtu anaponunua ardhi na kujenga mahali ambapo hakuzaliwa, fedha zake hununua kipi kati ya viwili hivi?

Swali hili lina uzito katika Meru na Embu. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ina ardhi inayotamaniwa: chai huko juu karibu na msitu, kahawa chini yake, na chini zaidi, katika joto la Mbeere, mtama na ndengu. Wanunuzi ni wafanyabiashara, watumishi wa serikali, na wenye kazi zao Nairobi au ng'ambo. Muuzaji mara nyingi ni mtu mwenye karo ya kulipa au mgonjwa hospitalini, naye hana muda wa kungojea bei nzuri.

Zamani kuuza hakukuwa kuagana. Katika Mbeere mtu aliyebanwa na shida aliweza kumpa mwenzake ardhi kwa mbuzi au ng'ombe; na siku mambo yalipomnyokea, yeye au mwanawe aliwarudisha wanyama akaikomboa. Kwa hiyo aliyepokea ardhi alikaa juu yake kwa adabu, akijua kuwa ukoo wa mwenzake bado unaitazama. Kisha ukaja mpango wa mwaka 1954 uliotungwa na Roger Swynnerton wa idara ya kilimo, na baadaye sheria ya usajili ya mwaka 1963. Vipande vya mashamba vilikusanywa, mipaka ikapimwa, na jina la mtu mmoja likaandikwa katika daftari. Siwalaumu wote walioupokea utaratibu huo kwa furaha, kwa maana mwenye hati aliweza kukopa na kupanda kahawa bila hofu. Hata hivyo jina moja katika daftari liliwafunika wengi waliokuwa wakila kutoka katika shamba lile lile.

Wengi hao hawakutoweka. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi iliyotoka Meru, ikakubali kwamba aliyeandikishwa huweza kuwa ameishika ardhi ya ukoo kwa amana ya jamaa zake, ijapokuwa daftari halisemi hivyo. Tangu mwaka 1967, tena, shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Na sheria ya mwaka 2013 yataka nyumba ya mume na mke isiuzwe bila ridhaa ya wote wawili. Sheria yenyewe, basi, yakiri kwamba muuzaji hauzi peke yake.

Na mnunuzi je? Wako wasemao kwamba mgeni asiuziwe kamwe. Siwezi kuwaunga mkono. Katiba ya mwaka 2010 humruhusu kila raia kumiliki mali popote nchini, na isingaliruhusu, busara ingaliruhusu. Wazee wa Meru wenyewe husimulia kwamba wazazi wao walitoka Mbwaa, penye maji makubwa, wakasafiri siku nyingi hata wakafika mlimani. Aliyefika jana hana budi kumvumilia afikaye leo.

Taabu haimo katika ugeni. Imo katika kutokuwapo. Jambo hili limeonekana hata mbali sana na mlima wetu. Katika vijiji vya bandari vya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, matajiri wa mijini hununua nyumba zilizokuwa za wavuvi, wakazikalia majuma machache ya kiangazi. Wakati wa baridi madirisha huwa giza, na vijana wa pale hawamudu tena bei za mtaa waliozaliwa. Mwaka 2016 wenyeji wa mji wa St Ives walipiga kura wakaamua kwamba nyumba mpya zijengwe kwa sharti la kuwa makao makuu ya mwenyewe. Hawakuuliza mnunuzi atoka wapi. Waliuliza kama atakaa.

Mithali yetu husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Haikutuambia mwenyeji atapona vipi kwa mgeni aliyetuma fedha, akajenga ukuta, akamwacha mlinzi langoni. Maiti hupita, yeye hayupo kushika jeneza. Mfereji wa maji huchimbwa, sehemu yake huchimbwa na wengine. Atasema, na si uongo, kwamba alilipa bei yote, kwamba analipa mishahara, na kwamba kazi ndiyo imuwekayo mbali. Mtu huweza kuwa mbali na bado akahesabiwa: wako watu wa Runyenjes na Nkubu wanaoishi miji ya mbali, ambao kila mchango wa kijiji huwakuta. Kinachodaiwa ni kujulikana na kujua, nacho hakikuwamo katika bei, maana muuzaji hakuwa nacho cha kuuza. Kilikuwa cha majirani.

Fikiri, kijana msomaji, juu ya njia ya mtoni inayopita katikati ya shamba lililouzwa. Haikuchorwa katika ramani, na hati imenyamaza juu yake. Akina mama wameipita na mitungi yao tangu kabla ya vipimo. Sasa seng'enge imefika, na fundi anangojea simu ya mwenyewe, ambaye hajawahi kuiona njia hiyo, ili aambiwe kama aache mlango au azibe.